Yeriko ya Kale na Jericho ya Nairobi

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi na kushika Barabara ya Jogoo, ambayo zamani za ukoloni iliitwa Doonholm Road, huingia katika upande wa mji uitwao Eastlands. Huko ipo mitaa mingi iliyojengwa na Halmashauri ya Mji ili Waafrika wapangishwe, na majina yake yana mafundisho kwa mtu apendaye kuyafikiri. Iko mitaa iliyopewa majina ya watu, kama Mbotela, kwa ukumbusho wa Tom Mbotela aliyeuawa Novemba 1952, na Ofafa, kwa ukumbusho wa diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Iko mitaa yenye majina ya hali za wanadamu, kama Bahati, Starehe na Shauri Moyo. Tena iko mitaa iliyochukua majina yake katika Biblia, nayo ni Jerusalem na Jericho.

Mtaa wa Jericho unajulikana na watu wengi kwa soko lake na kwa kiwanja cha mpira cha Camp Toyoyo. Mtoto aliyezaliwa hapo husikia mapema katika shule ya Jumapili habari za mji mwingine wenye jina hilo, ambao Biblia ya Kiswahili huuita Yeriko: jinsi wana wa Israeli walivyouzunguka siku saba, makuhani wakapiga tarumbeta, na kuta zikaanguka. Lakini habari za mji huo ni nyingi kupita hizo. Ulikuwa wa kale sana hata siku za Yoshua, na watu wanaishi karibu nao hata leo. Tena kilichochimbuliwa katika ardhi yake kinaweza kumfundisha mkaaji wa Eastlands jambo linalomhusu yeye mwenyewe.

MJI WA MITENDE

Yeriko iko katika bonde la mto Yordani, kaskazini ya Bahari ya Chumvi. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Yeriko, kinyume chake, iko mita 250 hivi chini ya usawa wa bahari, wala hapana mji mwingine duniani ulioko chini kama huo. Kwa sababu hiyo joto lake ni kali, na mvua ni haba sana. Mtu angedhani ya kuwa mahali kama hapo hapawezi kukaa watu. Lakini ipo chemchemi kubwa, nayo ndiyo sababu ya mji kuwapo.

Wakristo huiita Chemchemi ya Elisha, kwa kuwa katika kitabu cha pili cha Wafalme imeandikwa kwamba nabii Elisha alitia chumvi ndani yake, na maji yaliyokuwa mabaya yakaponywa. Maji hayo hutiririka hata sasa, nayo hunywesha mashamba ya mitende, ndizi, machungwa na mboga. Katika Kumbukumbu la Torati Yeriko huitwa mji wa mitende, na jina hilo bado laufaa. Mkulima yeyote ataelewa jambo hili bila kuelezwa sana. Penye maji yasiyokauka watu hukaa, na wakifukuzwa au wakifa, wengine watakuja. Nairobi nayo ilipata jina lake kwa maji, kwa kuwa Wamasai walipaita mahali pa maji baridi kabla ya reli kufika hapo mwaka 1899.

KILIMA KILICHOJENGWA NA WATU

Yeriko ya kale haiko katikati ya mji wa leo. Iko kilomita mbili hivi upande wa kaskazini-magharibi, karibu na chemchemi ile, katika kilima ambacho Waarabu hukiita Tell es-Sultan. Eneo lake ni ekari kama 10, na kimo chake ni mita 21 hivi. Atazamaye kwa mbali hudhani ni kilima cha kawaida, lakini sehemu kubwa ya udongo wake uliletwa hapo na mikono ya wanadamu.

Namna kilivyoota ni rahisi kufahamu. Watu wa Yeriko walijenga kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Nyumba ya namna hiyo, kama ijulikanavyo na kila aliyekulia katika nyumba ya udongo, haidumu milele. Mvua huila, moto huichoma, tetemeko huiangusha. Ilipoanguka, wenyewe hawakuchukua kifusi na kukitupa mbali. Walikisawazisha, wakajenga nyingine juu yake. Kizazi baada ya kizazi mji ukainuka, kama kichuguu kinavyoinuliwa na mchwa. Hivyo mambo ya zamani zaidi yako chini, na ya karibuni yako juu. Ajuaye kuyasoma matabaka hayo huyasoma kama karani asomavyo faili kuu kuu: barua ya mwisho iko juu, na ya kwanza iko chini kabisa.

Wengi wamejaribu kuyasoma. Mwaka 1868 Charles Warren, askari Mwingereza, alichimba mashimo. Tangu mwaka 1907 hadi 1909, na tena mwaka 1911, walichimba Ernst Sellin na Carl Watzinger. John Garstang, Mwingereza, alichimba tangu mwaka 1930 hadi 1936. Lakini aliyepata sifa kuu kuliko wote ni Bibi Kathleen Kenyon, aliyefanya kazi hapo tangu mwaka 1952 hadi 1958.

Bibi huyo alikuwa amekwisha kufika Afrika akiwa kijana. Mwaka 1929 alifuatana na Bibi Gertrude Caton-Thompson kuchimba Zimbabwe Kuu, na uchimbaji ule ulionyesha wazi kwamba majengo yale ya mawe ni kazi ya Waafrika wenyewe, si ya wageni kama walivyopenda kudai watu wengine wa siku zile. Huko Yeriko alikata mahandaki marefu yenye kuta zilizonyoka, akaandika kila tabaka, rangi yake na vitu vilivyoonekana ndani yake, bila kuchanganya cha tabaka moja na cha tabaka jingine.

Kwa makaa na mbegu zilizoungua, wataalamu huweza pia kuhesabu umri. Kila kitu kilichokuwa hai kina namna ya kaboni ambayo hupungua polepole baada ya kufa, hata nusu yake hutoweka katika miaka 5,700 hivi. Kwa kupima iliyobaki, hujulikana takriban mti ule ulikatwa lini au ngano ile ilivunwa lini.

MNARA ULIO MKUBWA KULIKO PIRAMIDI KWA UMRI

Chini kabisa ya kilima zilionekana alama za wawindaji waliopiga kambi karibu na maji. Juu yao wakaja watu waliojenga nyumba za mviringo za matofali, wakalima ngano na shayiri. Watu hao waliishi miaka kama 10,000 iliyopita, hata kabla wenyeji wa nchi ile hawajajua kufinyanga vyungu. Ijapokuwa walikuwa na zana za mawe tu, walichimba handaki katika mwamba, wakajenga ukuta wa mawe, na ndani ya ukuta wakasimamisha mnara. Mnara huo ungali umesimama kwa kimo cha mita 8 na nusu hivi, na ndani yake ipo ngazi ya mawe yenye vidato zaidi ya 20. Piramidi kubwa za Misri zilijengwa zaidi ya miaka 5,000 baadaye.

Wataalamu hawapatani juu ya kazi ya ukuta na mnara huo. Bibi Kenyon alidhani vilikuwa vya kuzuia adui. Wengine baadaye walisema ukuta ulikuwa wa kuzuia mafuriko na matope yatokayo milimani. Vyovyote iwavyo, kazi hiyo haikuweza kufanywa na mtu mmoja na jamaa zake. Ilitaka watu wengi wakubaliane, wapangiane zamu, na wenye kujenga walishwe na wenye kulima. Ndiyo maana Yeriko huhesabiwa kuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa duniani.

Watu hao walizika wafu wao chini ya sakafu za nyumba. Katika tabaka la baadaye kidogo, mwaka 1953, Bibi Kenyon na wenzake waliona mafuvu saba ya vichwa vya watu yaliyopakwa lipu kwa ustadi mpaka yakawa na sura kama za walio hai, na mahali pa macho pametiwa makombe. Wengi wa wataalamu huona kwamba hiyo ilikuwa heshima kwa wazee waliotangulia. Jambo hilo halitamshangaza sana Mwafrika, maana yeye ajua kwamba nyumba haiwi nyumba bila kukumbukwa walioianzisha.

KUTA ZA YOSHUA

Sasa yafaa kulijibu swali ambalo kila msomaji wa Biblia huuliza: Je, kuta zilizoanguka zimeonekana?

Kuta zilizoanguka zimeonekana, tena nyingi. Katika zama za shaba peke yake, Bibi Kenyon alihesabu ukuta wa mji kuwa ulijengwa na kutengenezwa upya mara 17. Baadhi uliangushwa na tetemeko la nchi, kwa kuwa bonde la Yordani liko katika mfululizo wa mipasuko mikubwa ya ardhi ushukao kwa Bahari ya Shamu hadi Uhabeshi na Bonde la Ufa la Kenya. Hata mwaka 1927 tetemeko kubwa liliua watu katika nchi hiyo na kubomoa nyumba za Yeriko.

John Garstang alipoona ukuta uliobomoka na kuungua, aliamini ameona ukuta wa siku za Yoshua, na habari hiyo ikafurahisha makanisa mengi. Lakini Bibi Kenyon alipopima matabaka kwa uangalifu, alionyesha kwamba ukuta ule ulikuwa umeanguka karibu miaka elfu moja kabla ya Yoshua. Ulifuata mji mwingine wenye boma kubwa, nao ukateketezwa kwa moto yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Ndani yake ilionekana mitungi imejaa nafaka iliyoungua. Zama za Yoshua huwekwa na wataalamu wengi katika karne ya 13 kabla ya Kristo, na za tabaka hizo kimeonekana kidogo sana. Katika karne ya 14 palikuwapo nyumba ambayo imebaki kipande cha sakafu, tanuri dogo la kuokea mkate, na mtungi mdogo kando yake. Basi, hayo ndiyo yaliyobaki: jiko la mwanamke mmoja ambaye jina lake halijulikani.

Wako wanaosema kwamba kilima kilikaa bila watu karne nyingi, mvua ikayachukua matabaka ya juu, na pamoja nayo ushahidi wa siku za Yoshua. Wako wachache wanaosema hesabu ya Bibi Kenyon haikuwa sawa, na kwamba mji ulioteketezwa ndio wa Yoshua. Na wengi husema kwamba kisa kile kiliandikwa ili kufundisha imani, si kuwa taarifa ya vita. Mkristo haimpasi kuziogopa habari hizi. Koleo hupima tofali na majivu. Haliwezi kupima kama Mungu alisema na watu wake au la. Nalo ni heri kujua kilichoonekana kweli kuliko kushangilia ukuta usiokuwa wenyewe.

WALIOFUATA BAADAYE

Kitabu cha kwanza cha Wafalme chaeleza kwamba Hieli Mbetheli aliujenga tena Yeriko katika siku za mfalme Ahabu. Baadaye mji ulihama kidogo kutoka kilima cha kale. Herode Mkuu alijijengea majumba ya kukaa wakati wa baridi upande wa kusini, na huko Yeriko ndiko alikofia mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Katika njia za mji huo Bartimayo kipofu alipaza sauti, na Zakayo mtoza ushuru akapanda mkuyu ili amwone Yesu.

Katika karne ya 8 baada ya Kristo, watawala Waislamu wa ukoo wa Umayya walijenga jumba kaskazini ya mji, lenye sakafu ya vijiwe vya rangi ambayo uzuri wake husifiwa hata leo. Tetemeko la mwaka 749 liliuharibu ujenzi huo. Katika karne yetu iliyopita, mji ulitawaliwa na Yordani hadi mwaka 1967, ukatekwa na Israeli katika vita vya mwaka huo, na mwaka 1994 ukawekwa chini ya Mamlaka ya Wapalestina. Mwaka 2023 kilima cha Tell es-Sultan kiliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

JERICHO YA EASTLANDS

Tukirudi Nairobi, mtaa wa Jericho ni mtoto mchanga mbele ya jina lake. Mitaa ya sehemu hiyo ilijengwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, wakati mji, uliopewa cheo cha jiji kwa hati ya kifalme ya mwaka 1950, ulipojaa watu kuliko nyumba. Serikali ya ukoloni ilikuwa imewagawia watu makazi kwa rangi zao, na upande wa mashariki, penye uwanda wa udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua, ukawa wa Waafrika. Nyumba nyingi za mitaa ya kwanza zilifanywa ndogo, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mfanyakazi ni mpita njia tu, ambaye kazi yake ikiisha atarudi kwao shambani.

Lakini watu hawakuwa wapita njia. Walileta wake zao, wakazaa watoto, wakajenga makanisa na misikiti, wakaanzisha vyama vya kuzikana na timu za mpira. Nyumba ya kupanga ikapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Mahali palipokuwa kambi ya wafanyakazi pakawa nyumbani, kama kambi ya wawindaji kando ya chemchemi ilivyogeuka kuwa mji.

Eastlands nayo ina matabaka yake. Mwaka 1938 na 1939 serikali ilibomoa kijiji cha Pangani, ambacho Waafrika walikuwa wamejijengea wenyewe, na wengi wao wakahamishiwa Shauri Moyo. Husemekana kwamba jina la mtaa huo linakumbusha shauri zito walilolazimika kulikata moyoni. Baadaye halmashauri ilijenga nyumba zake Pangani. Mwaka 2020 wapangaji wa nyumba hizo nao walihamishwa, ili yajengwe maghorofa marefu. Na katika mpango huo wa Kaunti ya Nairobi wa kujenga upya mitaa ya zamani, Jericho nayo imetajwa, pamoja na Maringo, Bahati, Lumumba na mingineyo.

Mpango kama huo una sababu zake. Mabomba ni ya zamani, mabanda ya mabati yamejaza nafasi zilizoachwa kati ya nyumba, na watu wanaotaka makao Nairobi ni wengi mno. Lakini wapangaji nao wana haki ya kuuliza maswali: watakaa wapi wakati wa ujenzi, watarudi kwa kodi gani, na ahadi waliyopewa imeandikwa wapi. Maswali hayo yastahili kujibiwa kwa maandishi kabla ya nyundo kupigwa ukutani.

Liko na jambo la pili, ambalo watu hulisahau kwa sababu halina kodi wala risiti. Yeriko ya kale ilipobomoka, kifusi chake kilibaki mahali pake, nacho kikahifadhi tanuri, mtungi na nafaka, mpaka wachimbaji wakaja baada ya miaka 3,000. Nairobi haifanyi hivyo. Siku hizi kifusi huchukuliwa kwa malori na kumwagwa mbali, na msingi wa ghorofa huchimbwa kwa kina mpaka hakuna tabaka linalosalia. Mtaa ukibomolewa leo, mchimbaji wa baadaye hatakuta kitu. Kisichoandikwa kabla ya kubomolewa kimepotea kabisa.

Basi, kazi ambayo huko Palestina ilifanywa na udongo, hapa haina budi kufanywa na watu wenyewe. Picha za zamani zilizo katika masanduku, kadi za kodi, vitabu vya vyama vya kuzikana na orodha za wachezaji wa timu ni vitu vya thamani kama vile vyungu vya makaburini. Wazee waliohamia wakati rangi ya milango ilikuwa bado mbichi wangali hai baadhi yao, na watoto wa shule waweza kuwauliza na kuandika majibu yao. Mafaili ya serikali ya zamani yamo katika Nyaraka za Taifa, katikati ya mji, na maktaba za Kaloleni na Makadara ziko karibu kwa atakaye kusoma. Huko pwani, magofu ya Gedi hayakujulikana vema mpaka James Kirkman alipoanza kuyachimba mwaka 1948. Lakini kuijua Jericho ya Nairobi hakuhitaji koleo maadamu waliojenga maisha humo wangaliko.

Wafalme wa Yeriko wamesahauliwa karibu wote, wala mnara wake hauna jina la aliyeujenga. Kinachojulikana sana ni maisha ya watu wa kawaida: walivyopika, walivyolima, walivyozika wazee wao. Watu wa namna hiyo hiyo ndio waliojenga maisha katika Eastlands. Kuta za nyumba zao huenda zikaanguka, nazo nyingine zikasimama mahali pake, kama ilivyotukia Yeriko mara nyingi. Yafaa kabla ya siku hiyo kila nyumba iwe imekwisha kuandika habari zake.